Kiti Kinachotazama Mlima

Kasiani,

Nimeandika salamu mara tatu na mara tatu nimeifuta. Mtu kama wewe haulizwi habari za huko. Basi naanza na meza.

Meza ipo kama ulivyoiacha. Mama ameifunika kwa shuka la bluu, na sisi tunakula sebuleni, sahani mapajani. Unakumbuka alivyokuwa akisimama mlangoni na mwiko wake: "Hizo sayari zenu zitahama lini mezani kwangu?" Hajauliza tena. Siku moja nilimkuta amefunua pembe ya shuka, ananusa. Karafuu zako hazijaisha harufu. Asubuhi nikifungua mlango wa chumba kile, wewe ndiye ninayekutana naye kwanza.

Mchezo wenyewe hatujaumaliza. Unajua ulivyotufikia: yule mhadhiri wa Mazimbu aliyehama akampa Baba sanduku, ubao mzuri wa anga na nyota, lakini nusu ya kete zimepotea. Wewe ukasema kete si tatizo. Ukaleta karafuu za bibi yako kutoka Kinole, zikawa meli zako. Mimi nikachukua maharage mekundu, na wenzetu wa shule nao, Rehema vifungo vya nguo za mama yake, Zuberi vifuniko vya soda. Sayari tukazibandika majina ya kwetu, Matombo, Mgeta, Bunduki, Tegetero, na ile kubwa ya katikati tukaiita Bondwa, kama kilele cha mlima wetu. Atakayeishika Bondwa mizunguko mitatu ameshinda. Mimi nilitafsiri kanuni zote kwenye kauntabuku, kurasa arobaini, na wewe ukanipa jina la Balozi, kwa sababu kila mtu alitoka kwenda barazani kufanya mapatano ya siri isipokuwa mimi. "Balozi wetu," ulisema, "anaona kila kitu na hasemi na mtu."

Nilicheka. Lilikuwa jina zuri wakati ule.

Nataka kukuandikia kuhusu viti. Baada ya Zuberi kudai kwamba Rehema anachungulia kadi zake, tuliweka kanuni yetu wenyewe: mtu habadilishi kiti mpaka mchezo uishe. Wewe ulikaa na mgongo kwenye dirisha. Zuberi na Rehema walikaa ubavuni, mmoja huku na mwingine kule, pazia likiwaziba wasione nje. Mimi nilikaa ng'ambo yako. Kwa wiki saba, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, nilikuwa nikikutazama wewe na, nyuma ya kichwa chako, mlima.

Na ni wewe uliyenifundisha kuusoma. Siku ile tuliyorudi pamoja kutoka maktaba ulisimama kwenye mawe katikati ya mto ulio kati ya kwetu na kwenu, maji yakiwa hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu, ukanionyesha juu kwa kidole. "Ukiona mlima umevaa nyeusi mpaka kiunoni, usivuke, hata kama hapa jua linawaka. Mvua ikinyesha kule, huku tunaletewa maji tu. Hayabishi hodi." Uliyasema kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Mimi niliyahifadhi. Unanijua, kitu nikiambiwa mara moja hakitoki.

Jumamosi ile ulikuwa umeshika Bondwa mizunguko miwili. Zuberi alikuwa ameshakata tamaa, anakuita Mheshimiwa Rais. Ulibakiza mzunguko mmoja. Mimi nilikuwa na maharage tisa nyuma ya Bunduki, nimeyakusanya polepole wiki nne, na hakuna aliyeyatilia maanani. Nilihitaji jambo moja tu: zamu yako ifike ukiwa haupo. Kanuni ya ukurasa wa ishirini na mbili, niliyoitafsiri mwenyewe: asiyekuwepo mezani zamu yake inapita, na meli zake hazirushi dadu kujitetea.

Ukagusa mfuko wako ukasema, "Lo, ufunguo. Mama anarudi saa kumi atakuta mlango umefungwa." Ukasimama. "Nusu saa tu. Msiguse karafuu zangu."

Ulipoinuka, dirisha lote likawa wazi mbele yangu. Hapa kwetu jua lilikuwa limejaa uani, nguo kwenye kamba zimekauka. Na mlima ulikuwa mweusi mpaka kiunoni, Kasiani. Hata chini ya kiuno. Miti ile ya juu haikuonekana kabisa.

Niliona. Nataka iandikwe hivyo. Si kwamba niliona nikasahau, wala si kwamba sikuelewa. Niliona, nikafungua mdomo, na ndani ya mdomo kulikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa ile aibu yangu ya kila siku, kwamba nikisema wote watageuka wanitazame, na Zuberi atasema kitu. Kama ingekuwa hiyo tu, labda ningeweza kujisamehe. La pili ni kwamba niliitaka Bondwa.

Ukatoka. Nikasikia kandambili zako kwenye changarawe.

Zamu yako ilipofika tukaipitisha. Nikasogeza maharage yangu. Zuberi akapiga meza: "Balozi! Kumbe una roho ngumu hivyo!" Rehema akasema ukirudi utalia. Nikaziondoa karafuu zako tatu juu ya Bondwa nikazishika kiganjani. Nikakutumia ujumbe: "Umefika?" Ujumbe huo una tiki moja mpaka leo. Kisha tukasikia mngurumo, kama lori linashusha mawe, ila haukuisha, na watu wakaanza kukimbilia mtoni.

Walikupata kesho yake kwenye mianzi. Mengine unayajua kuliko mimi.

Tulikupeleka Kinole. Nilikuja na karafuu zile tatu zimefungwa kwenye leso. Nilitaka kuzitupa kaburini pamoja na udongo wangu, lakini watu walikuwa wengi nikaona haya, nikazifinya tu. Bibi yako aliniita. Nikampa shikamoo. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unacheza naye?" Nikasema ndiyo, Bibi. "Alikuwa anashinda?" Nikamwambia alikuwa anashinda. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Niliporudi nyumbani nilizirudisha karafuu kwenye Bondwa. Rehema aliponiona alinishika bega, akidhani ni upendo.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada ya matanga, maana yananitia hofu na sina mwingine wa kumwambia.

Jina lako limerithiwa. Baba anasema kwa Waluguru desturi hiyo mara nyingi ni ya watu wazima, lakini bibi yako alikataa jina libaki chini, na mjomba wako akakubaliana naye. Amepewa Deo, mtoto wa mama yako mdogo, yule wa Kinole mliyezaliwa naye mwaka mmoja. Alikalishwa kwenye mkeka mbele ya ukoo, akaambiwa, "Kuanzia leo wewe ni Kasiani." Sasa anaishi kwa mama yako, anajifunza useremala. Jumatatu ya kwanza nilikuwa napita darajani nikasikia sauti ya mama yako kutoka ng'ambo: "Kasiani, njoo uchukue ndoo!" Na mtu akaitika. Nikasimama pale pale katikati ya daraja. Anavaa shati lako la mistari. Anavuka kwa mawe yale yale, kwa sababu darajani ni mbali, na mama yako anasimama mlangoni mpaka afike upande wa pili. Watu wanasema mama yako amepata nafuu. Juzi alicheka.

Mimi nikimwona mama yako nabadilisha njia. Ananiita "mkwe" kwa utani, kama zamani.

Masika yameanza. Na jana, Jumamosi, Deo alikuja kwetu.

Alibisha hodi, akamwamkia Mama, akasimama kando ya meza. Zuberi na Rehema walikuwepo, tulikuwa tunasoma kemia sakafuni. Akasema bila kutania, "Mimi ndiye Kasiani. Nimeambiwa nina meli hapa."

Zuberi akamtazama, akafunua shuka. "Zipo, Mheshimiwa. Jeshi lako linanukia pilau." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Zuberi akitania katika chumba kile tangu siku ile. Tukakaa. Deo akavuta kiti chako. Hakuna aliyemwelekeza. Akakaa mgongo dirishani, shati lako la mistari, na mimi ng'ambo yake.

Alianza kuhesabu karafuu, moja moja, kwa ncha ya kidole, kama wanavyofanya watu wanaozianika. Alipofika Bondwa akasimama. "Hizi tatu zimekatika vichwa," akasema. "Nyingine zote nzima. Nani alikuwa anazifinya?"

"Labda panya," akasema Rehema.

"Panya hali karafuu, dada."

Mimi nilikuwa natazama juu ya bega lake. Uani jua lilikuwa linawaka. Kilele kilikuwa kimeshapotea. Alipomaliza kuhesabu Tegetero, weusi ulikuwa umefika kiunoni, na ukawa unashuka, taratibu, bila sauti. Nikajiambia kwamba hana safari, amekaa, tutacheza mpaka jioni. Nikajiambia yeye ni mtu wa milimani, anajua. Lakini mtu wa milimani akiupa mlima mgongo anajuaje?

Ndipo akatazama simu yake. "Nina mazoezi ya kwaya saa kumi na moja. Nivuke mara moja nikabadilishe shati, nitawakuta." Akasimama.

Kasiani, nilielewa yote kwa pamoja. Nikisema, atabaki hai. Na nikisema, wote watajua kwamba kutoka kiti hiki mlima unaonekana.

Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Usivuke," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, hakusikia. Nikarudia, nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. "Usivuke. Mlima umevaa nyeusi mpaka kiunoni."

Waligeuka wote kunitazama, kama nilivyoogopa siku zote. Deo akageukia dirisha. Hakubisha. Akavua kile kiatu, akakaa chini pale pale mlangoni. "Umeona tangu saa ngapi?" akauliza.

"Tangu ulipoanza kuhesabu."

Tulisubiri. Zuberi akafungua mdomo aseme kitu, kisha mngurumo ukaja. Ule ule. Mama alitoka jikoni, akatuhesabu kwa macho, wanne, akarudi ndani.

Rehema hakuutazama mto. Alikuwa anatazama kiti changu kilichoanguka. Akakiinua, akakikalia, akanyanyua uso kuelekea dirishani, akauona mlima. Kisha akaniuliza, polepole sana, "Na siku ile?"

Nikamjibu, "Na siku ile."

Zuberi alivikusanya vifuniko vyake vyote vya soda mezani akavitia mfukoni. Sayari zake zimebaki tupu. Hakunitukana. Heri angenitukana. Rehema alisema tu, "Na bado ukazisogeza meli zako," akachukua madaftari yake, wakaondoka pamoja, wakipitia darajani. Mpaka sasa kundi letu kwenye simu liko kimya, na picha yako imo bado, umefumba jicho moja.

Deo alibaki mpaka maji yalipopungua, saa moja na nusu jioni hivi. Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza, "Mama anajua?" Nikasema mama yako hajui. Akafikiri. "Nimepewa jina lake, nguo zake, na kiti chake. Jambo hili sikupewa. Ni lako, dada, ulipeleke mwenyewe." Akasema Jumapili mama yako huwa nyumbani baada ya misa ya pili. Akatoka, naye akapitia darajani.

Leo ni Jumapili, na misa ya kwanza bado haijatoka. Nakuandikia hapa mezani, kwenye kiti changu. Mlima hauonekani. Mvua haijafika huku, lakini kuku wa Mama wameshaingia bandani, na harufu ya udongo uliolowa inateremka kutoka juu. Sijui mama yako atafanya nini. Labda atanifukuza. Labda atanyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Labda leo ataniita mkwe kwa mara ya mwisho. Nikifikiri kwamba juzi alicheka, naiweka kalamu chini. Lakini jana nimemwona Deo akiwa na kiatu kimoja mguuni, na sitaki tena kuwa mtu anayeona na kunyamaza.

Bondwa ni yako. Nimeandika hivyo kwenye kauntabuku, mzunguko wa tatu, jina lako, na hatua yangu nimeikata kwa mstari. Karafuu zile tatu zisizo na vichwa ninazo mfukoni. Nitampa mama yako pamoja na maneno.

Kwaheri, Kasiani. Sitakuandikia kila mara, na sitakuomba unisamehe kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haijibu na mimi ningejifanya imekubali. Ninakuahidi jambo moja. Nitapita darajani, nitabisha hodi, na mama yako atavuta kiti anikaribishe kama kawaida yake. Sitakaa. Nitasema nikiwa nimesimama, kabla hajaniuliza habari za nyumbani, maana najijua, nikishakaa sisemi.

Mimi,
uliyemwita Balozi