Maksai Ambao Hatukuwa Nao

Nkololo,
Bariadi.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Mboje,

Mwangaluka. Habari za huko Songea, na kazi ya jeshi inakwendaje? Wifi yangu Kabula na watoto hawajambo? Mama yupo, ila macho yanazidi kufifia. Mvua si haba na pamba imetoa maua. Palizi nimeimaliza peke yangu.

Peke yangu kwa sababu shemeji yako Mashimba hainami tena. Tangu wamuunganishe pingili za mgongo kwa vyuma mwaka juzi, anatembea kama amemeza mpini wa jembe, na viatu namfunga mimi. Nilikuwa namtania kwamba sasa ndiyo amekuwa askari kweli, amenyooka hata akila. Siku hizi simtanii. Mguu wa kushoto umekufa ganzi. Juzi alikanyaga kaa la moto, nikasikia harufu mimi kabla yake. Naogopa, Mboje.

Daktari anataka apasuliwe tena kabla mguu wa pili haujafuata. Sisi hatuwezi. Lakini jeshi likikubali kwamba aliumia kazini, litamtibu na kumpa pensheni ya ulemavu. Bodi ya madaktari imemwita Jumatatu, tarehe 24.

Jumanne nilikuwa namsaidia kujaza fomu. Kwenye faili lake la zamani imeandikwa kwamba mwaka 2011, akiwa likizo, aliburutwa na maksai akilima shambani kwake. Nikamuuliza, maksai gani? Mwaka ule maksai wetu walikuwa wamekufa wote, tukalima kwa jembe la mkono, na kijiji kizima kinajua. Ndipo akaniambia.

Kumbe wewe na yeye mlikuwa mmetumwa kuchota maji ya kambi, wewe unaendesha huku umelewa, ukaingia mtaroni. Gari halikuumia, aliumia yeye aliyerushwa kutoka nyuma. Mkalisukuma mkarudi kimya. Kesho yake akaanza likizo, akaja huku ameuma meno, akawadanganya wa zahanati kwamba ni maksai. Ndoa yako ilikuwa na miezi miwili. Ng'ombe alionitolea mahari ndio uliomwolea Kabula, na yeye hakutaka kuona nyumba hiyo inavunjika kwa kufukuzwa kwako.

Sasa anasema mbele ya bodi atarudia yale yale ya maksai, na mimi amenikataza kukwambia. Nimekasirika naye, nimekasirika na wewe pia, miaka kumi na minne mnaniangalia usoni.

Najua unastaafu Desemba. Ukisema kweli sijui watakufanya nini. Wewe nilikubeba mgongoni. Lakini shahidi hayupo mwingine. Njoo kabla ya tarehe 24, mdogo wangu, uwaambie.

Nisalimie Kabula na mwanangu Precious. Mama anakuombea, na mimi namwomba Mungu akupe moyo wa kupanda basi.

Mashimba ameingia sasa hivi, ameona naandika. Anakusalimu sana. Anasema nikuambie mgongo unaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi.

Dada yako akupendaye hata leo,
Milembe