Wimbo wa Mama si wa harusi

Muheto, Alhamisi. Mvua haijakatika toka asubuhi, matope yamefika mpaka mlangoni, na mimi nimechoka na watu wa kwetu. Wote. Hata wale ninaowapenda.

Jumamosi mdogo wangu Furaha anaolewa na kijana wa Walikale. Ameamua kuingia ukumbini na wimbo wetu wa zamani, ule wa Kilingala ambao Mama alikuwa akiuimba akichagua maharage, redio ikikoroma pembeni.

Sisi wawili tulikulia ndani ya wimbo ule. Kilingala hatukukijua. Tulishika maneno matatu tu, ya Kifaransa: avion, valise, madame. Tukayaunga wenyewe: ukishakuwa mkubwa, mume anashuka kwenye ndege, analeta valizi, sanduku la safari lililojaa zawadi, na wewe unaitwa Madame. Tulikaa juu ya magunia ya maharage, tumekunja nne, tukimngoja. Nilikuwa na hakika kwamba wakubwa wote wanaishi hivyo.

Leo mimi ni mwalimu. Watoto wa shule wananiita Madame, ni kweli, nikiwa nakwangua matope kwenye buti. Ndege naziona zikipita juu.

Basi mchana nikampelekea Papa Didier, fundi atakayepiga muziki harusini, ule wimbo kwenye simu. Akasikiliza kidogo, akanitazama.

«Dada, muko na hakika? Hii wimbo iko ya bibi mwenye bwana yake anamufukuza. Valizi njo ya bibi, bwana ameiweka inje. Na ndege, bwana amepanda na mwanamuke mwingine.»

Nikampigia Furaha, yuko mjini Sake anasukwa nywele. Akanijibu: «Dada, melodi iko muzuri. Nani atasikiliza maneno?»

Nani? Wajomba wa bwana harusi, Furaha! Wamefanya kazi Kisangani maisha yao yote. Hata ndoto wanaota kwa Kilingala!

Nikaenda jikoni kumwomba Mama anisaidie kumshawishi. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka: Mama naye aliishi Kisangani, kwa shangazi yake, kabla ya kuolewa. Kilingala anakijua vizuri.

«Mama, wewe ulijua maneno ya ule wimbo?»

«Nilijua.» Hakuacha kumenya mihogo.

«Na haukutuambia?»

«Papa yenu alikuwa Walikale, kwa machimbo, na ule mwanamuke wake. Mimi nilikuwa nalia ndani ya ile wimbo. Nyinyi mulikuwa munacheza, munafurahi. Ningewaambia nini?»

Tulikuwa tunacheza kilio cha mama yetu.

Papa alirudi, mwishowe, akazeeka hapa. Na tulipokuwa tukiongea, alikuwa sebuleni akipaza sauti kuuliza chai iko wapi. Nilitaka kupiga kelele. Sijui hasira yangu ni ya nani: Papa aliyekwenda, Mama aliyenyamaza, au mimi niliyefika umri huu bila kusikiliza.

Nikampigia Furaha tena, nikamweleza yote. Nikasikia akimwambia msusi aache kwanza. Kisha akasema polepole: «Basi, toa hiyo wimbo kwa harusi yangu.»

Nikaketi karibu na Mama, nikashika kisu nimsaidie. Nikamwuliza yeye, alipokuwa mtoto, aliota kuwa nani.

Akacheka, akajifuta macho kwa kitenge.

«Kuendesha kamio. Ile kubwa. Mimi mwenyewe kwa volani, toka Kisangani mpaka Goma, na hakuna mutu wa kuniuliza naenda wapi.»

Mama, kwenye usukani wa lori! Sikuwahi kusikia jambo hilo. Wala Furaha. Papa, nina hakika, hakuwahi kuuliza.

Kisha Mama akasimama, akamimina chai ampelekee. Nikamnyang'anya kikombe. Nikakipeleka mwenyewe, nikakitua mezani kwa nguvu, chai ikamwagika.

«Mwanangu, uko na nini?» Papa akauliza.

Nikafuta meza, nikatoka. Sasa niko chumbani naandika haya, namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kesho wageni wanaanza kufika. Nimjibu Papa kabla hawajafika, au nimwache Mama amalize harusi hii kwa amani?