Fukwe Zetu, na Ule wa Wajane

Mpwa wangu Argyro,

Bila mimi kisiwa hiki kingeshasahaulika hata na ramani. Wageni wakitaka kujua wapi pa kuogelea, huniuliza mimi, si meya. Umesema utamleta binti yako Agosti ikiwa tu yupo mtu wa kuingia naye majini. Yupo! Upepo wa kaskazini ukivuma, tutakwenda Vathi, ambako bahari hutulia kama mafuta ya zeituni kwenye sahani. Ukikoma, tutakwenda Asprouda, kwenye kokoto nyeupe, pale nilipomfukuza papa kwa kandambili.

Ila kila asubuhi utanikuta ufuko wa wajane, wanaosimama majini hadi shingoni, kofia kichwani, wakisengenya. Jana mmoja wao, Bi Kalliroi, alinipigia kelele, "Pantelis, piga miguu wewe! Umekuwa jiwe la kusagia?"

Nikamjibu, "Ngoja Agosti, mama, utashangaa hadi uninunulie pweza!"

Mlete mtoto. Nimeapa kwa Mtakatifu Nikola, nitakuwa tayari.

Ila usimwambie kwamba wajane ndio wananifundisha kuogelea, na kwamba hadi leo naelea kwa boya la watoto lenye kichwa cha bata.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Pantelis