Vipando Vilivyochipua Mahakamani

Alhamisi, Makutupora

Nacheka peke yangu. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama nimekunywa.

Redioni wanasema biashara sasa ni huria, lakini wiki saba forodha wamezuia vipando vyangu vya mizabibu toka nje, vijiti nilivyovifunga mwenyewe, eti kibali cha afya ya mimea kilichelewa. Leo, kwenye kesi niliyowafungulia, mwanasheria wao akamwambia hakimu kwamba vimeshakauka, vichomwe moto tu.

Hakimu akaagiza gunia liletwe. Kufunguliwa, machipukizi ya kijani! Mahakama nzima ikaangua kicheko.

Mtunza ghala wa forodha, Mzee Ndahani, akasimama taratibu. "Mheshimiwa, huku kwetu mvua ni ya kubahatisha. Siwezi kuangalia mmea ukifa kwa kiu. Nilivimwagia maji kila asubuhi."

Mwanasheria wao alivyomkodolea macho!

Kesho mkaguzi wa mimea ataviangalia. Visipokuwa na ugonjwa, ni vyangu. Naogopa ugonjwa, naogopea na kazi ya mzee. Lakini vimechipua!

Kesi ilipoahirishwa, nilimfuata mzee nje. "Shikamoo mzee. Mungu akubariki."

"Marahaba. Ulivifunga kichwa chini, mwanangu. Nilivigeuza."

Na mimi mwaka wa kumi na mbili huu nalima zabibu.