Klabu ya Nyuma ya Ghala la Mbao

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

"Katika mji wenu wote hakuna klabu hata moja ya padel ya kumfaa mtu wa kawaida, kwa hiyo sioni sababu ya kuomba uhamisho wa kuja huko." Ndivyo ulivyoandika, tena bila haya. Salamu zako nimezipata. Mimi ni mzima, ila goti linalalamika. Nawe natumaini hujambo huko kwenye karakana yenu ya meno bandia. Salamu zimekwisha, sasa turudi kwenye uzushi wako.

Kwanza, mji huu umeuona lini? Tangu tumzike mama yako ni mwaka na miezi minne, na hujakanyaga hapa. Pili, ushahidi uko wapi? Nimeandika safu gazetini miaka ishirini na sita. Nimebishana na mameya, maprofesa na wauza dawa za kuotesha nywele, na hata hao wa nywele walikuja na picha. Wewe umekuja mikono mitupu.

Tatu, padel yenyewe ni kitu gani? Mama mdogo wako ananiambia ni kama tenisi iliyofungiwa kwenye kizimba cha vioo, watu wanne, na mpira ukidunda chini kisha ukagonga kioo cha nyuma yako, bado unaruhusiwa kuurudisha. Sawa. Mji mkubwa kama huu hauwezi kukosa kizimba.

Sitoki siku hizi, unajua. Hata mkate naletewa mlangoni. Lakini kwa hoja hii nitavaa viatu. Nikikuonyesha kwamba umekosea, uje. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Goti limepunguza makali? Mimi sijambo. Wiki hii nimetengeneza taya kumi na moja, na moja ni ya mzee mbishi kama wewe: anadai meno yangu yanamng'ata kwa makusudi.

Kuhusu klabu, usijisumbue, hutaipata. Lakini kama ni lazima ubishe, basi usiulize kwa simu, maana kwenye simu kila klabu ni nzuri. Nenda mwenyewe, tena peke yako, uone wanavyompokea mgeni. Na raketi yangu nyuzi zimelegea, kwa hiyo ulizia kama kuna fundi wa kuzikaza.

Nasema tena: hutaipata.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na goti limeacha kulalamika, nadhani kwa mshangao.

Nimezunguka klabu tatu. Ya kwanza ina maua mezani na taa mpaka chooni. Nilipoingia, msichana wa mapokezi akaniambia kwa upole, "Mzee, madereva wanasubiri nje." Nikamwambia mimi si dereva, ni mgeni. "Umekuja na nani?" Peke yangu. "Basi rudi mkiwa wanne." Ya pili, hakuna hata aliyejibu salamu. Nilisimama nusu saa nikitazama watu wakirusha mpira kama wanagombea urithi. Nilipokuwa natoka nikawaza: huenda mtoto ana haki. Wazo hilo liliniuma kuliko goti.

Ya tatu iko nyuma ya ghala la mbao. Viwanja viwili tu, na benchi lililoungwa kwa misumari isiyofanana. Nilimkuta mama mmoja, fundi saa, wanamwita Mama Sekunde, akifuta vioo kwa maji na gazeti. Nikalitazama gazeti. Ni safu yangu! Nikamwambia mwandishi ni mimi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Unaandika vizuri," akasema, "karatasi haiachi alama kwenye kioo." Miaka ishirini na sita, mwanangu, na hatimaye makala yangu imesafisha kitu.

Hakuniuliza nimekuja na nani. Aliuliza, "Saizi gani ya kiatu?" Walikuwa watatu: yeye, Mwokaji, na dereva wa kreni anayeitwa Mnara. Nikasema sijui kucheza. Mnara akasema, "Hata sisi, lakini hatumwambii mtu." Mpira wa kwanza ukanipita, nikageuka niondoke zangu kwa aibu. Mama Sekunde akapiga kelele: "Unakwenda wapi, baba? Unarudi huo!" Kweli, uligonga kioo ukanirudia miguuni. Niliupiga. Ulikwenda kwenye ghala la mbao, lakini niliupiga.

Nilicheka, mwanangu. Sauti ikanishtua mwenyewe.

Nimekwenda tena mara tano. Basi hoja yako imekufa, izike: klabu nzuri ni ile ambayo mtu akifika peke yake, harudi bila kucheza. Ipo, na nimeipata.

Ila kuna jambo. Jana niliulizia fundi wa kukaza nyuzi za raketi yako, nilitaka uikute tayari. Mwokaji akanipa raketi yake niishike. Ni ubao, una matundu. Raketi ya padel haina nyuzi hata moja.

Nijibu kwa ndiyo au hapana: umewahi kushika raketi ya padel?

Baba yako

18 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki mbili hujajibu. Mimi mzima. Sikuuliza kwa hasira. Nikiandika, hata salamu zangu zinaonekana zimekunja ngumi. Mama yako alikuwa akinisomea upya kila barua kabla haijatoka. Andika, hata mstari mmoja.

Baba yako

24 Aprili

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila nimeona haya. Jibu ni hapana. Mchezo wenyewe nimeuona kwenye simu ya mteja akisubiri taya yake.

Mama mdogo aliniandikia kwamba mapazia ya sebuleni hayajafunguliwa tangu mazishi, na kwamba daktari alikuambia utembee ukamfukuza kwa hoja saba. Nikajua kukusihi ni kazi bure. Wewe ukiambiwa utoke, hutoki. Ukiambiwa umekosea, unatoka mbio bila kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana nilikuambia hakuna klabu.

Na kuhusu uhamisho, sababu niliyokupa ilikuwa ya uongo. Sijauomba. Si kwa kukosa klabu, baba. Naogopa kuingia nyumba ile nikakuta kiti cha mama kitupu, na wewe gizani. Nisamehe.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni mzima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea.

Njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia kwenye nyuzi. Mtoto wa nyoka ni nyoka: umenisoma kama gazeti, ukanipiga palepale ninapojiona hodari. Kwa mara ya kwanza nimeshindwa mjadala nikiwa na haki. Ahsante. Neno hilo halijawahi kutokea kwenye safu yangu, na wiki hii litatokea, bila kukutaja.

Mapazia nimeyafungua leo, nikapiga chafya hadi jirani akaja kuuliza hali. Kiti cha mama yako kipo dirishani. Nilikikalia asubuhi, nikafunga kamba za viatu. Hakitishi, mwanangu. Kinapata jua zuri.

Mwokaji amepata mapacha, hatutamwona tena mpaka waote meno. Tumebaki watatu.

Kwa hiyo, wewe mama mdogo, uliyepewa barua hii uipeleke posta na ambaye najua umeifungua: acha kulia, ziba bahasha, ipeleke leo. Na wewe mwanangu: panda basi Ijumaa. Jumamosi saa mbili asubuhi, nyuma ya ghala la mbao, uwanja wa pili. Njoo, uwe wa nne.

Baba yako