App ya Kerubo imeniita mdanganyifu

Jumatano, Ekerenyo

Mdanganyifu! Mimi, mama yake!

Binti yangu Kerubo ndiye aliyetengeneza hiyo app ya kuuza ndizi, na Nyamira yote hakuna mwingine mwenye kichwa kama chake. Aliniambia, "Mama, alika watu. Akijiunga mtu kwa namba yako ya mwaliko, nyote mnapata zawadi." Nikaalika. Leo nimewaandikisha akina mama wote wa kikundi cha kanisa kwa simu yangu, maana zao ni mulika mwizi, haziingii intaneti.

Mara app ikatufungia. Maandishi mekundu: Udanganyifu. Mama Moraa akayasoma kwa sauti, kisha akaniangalia. Mimi, mweka hazina wao!

Nikampigia Kerubo. Anacheka!

"Mama, ikiona majina mengi kwenye simu moja, inadhani ni mtu mmoja anajialika. Haikujui."

"Basi ifundishe!"

Hapo akaacha kucheka.

Zawadi sitaki tena. Siku ya Sabato Kerubo atakuja kanisani mwenyewe, asimame mbele ya akina mama, aseme mama yake si mwizi. Na avae lile joho la chuo kikuu, wajue anayesema ni nani.