Kreti ya Mama

Kaka,

Barua yako imefika, pamoja na kreti ya soda mnayogawiwa wafanyakazi kila mwezi. Sisi wazima. Cherehani yangu nayo imepona.

Umeandika kwa fahari kwamba kiwanda chenu sasa kinapambana na unene: mmepunguza ukubwa wa chupa, na zahanati yetu mmeiletea mizani yenye nembo yenu, kubwa kuliko namba zake. Hongereni. Mama alipanda mizani hiyohiyo. Nesi akamwambia soda basi, sukari imempanda. Mimi nilishajua, gauni lake nimelitanua mara tatu mwaka huu, mpaka kitambaa cha kuongezea kimeniishia.

Siku hizi anakunywa mbili kwa mpigo, eti chupa zenyewe ndogo. Jana nilimnyang'anya. Akanitazama, akasema, "Kaka yako nimemsomesha kwa kufua nguo za watu. Hili ni jasho lake. Nilimwage?"

Nikamrudishia.

Mwezi ujao kreti iache hukohuko. Panda gari, uje umnyang'anye mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mshona magauni ya mama.